Jina la Kosa Pekee Si Sababu ya Kumfunga Mtu: Tamko Kuhusu Dhamana katika Kesi za Dawa za Kulevya, Gitega na Muyinga

Kwa: Wizara ya Sheria; waendesha mashtaka wa Jamhuri na mahakimu wa Gitega na Muyinga; Polisi ya Kitaifa ya Burundi; Tume Huru ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (CNIDH); waheshimiwa wabunge na maseneta; na wananchi wote.

Sisi mawakili, wasaidizi wa sheria na jamaa za watu waliofungwa, tuliojiunga katika chama kinachofanya kazi Gitega na Muyinga, tunatoa tamko hili kuelekea tarehe 26 Juni. Siku hiyo Umoja wa Mataifa umeipa kazi mbili. Ni siku ya kupambana na matumizi mabaya ya dawa za kulevya na biashara yake haramu, na pia ni siku ya kuwaunga mkono walioteswa. Kila mwaka hotuba nyingi hugusa kazi ya kwanza na kuiacha ya pili. Kwetu sisi, zote mbili zinakutana mbele ya hakimu anayeamua kama mtu aliyekamatwa na bangi asubiri kesi yake akiwa kwake au akiwa gerezani.

Msimamo wetu ni huu. Mtu asiwekwe kizuizini kwa sababu tu kosa analotuhumiwa linaitwa dawa za kulevya. Hakimu apime ushahidi uliopo, kiasi kilichokamatwa, nafasi ya mtuhumiwa katika biashara hiyo na hatari iliyopo akiachiwa. Akishapima, aandike sababu zake. Akikosa sababu ya kuandika, amwachie mtu huyo kwa muda, kwa masharti.

1. Tusichokitetea

Hatutetei biashara ya dawa za kulevya. Tunajua heroini ambayo vijana wa Bujumbura wanaiita "boost" imefanya nini katika familia, na tunajua haiishii Bujumbura. Tunajua pia urumogi, yaani bangi, unavyopita vilimani, gunia kwa gunia, na kwamba Muyinga iko mahali ambapo mizigo ya kila namna hupita. Kwenye mpaka wa Kobero malori yanaingia kutoka Kabanga, upande wa Ngara nchini Tanzania, na kaskazini kuna mpaka wa Rwanda. Palipo na njia ya biashara halali, mwenye biashara haramu naye huitafuta. Polisi na maafisa wa forodha wana wajibu wa kumzuia, na katika hilo tuko pamoja nao.

Wala hatusemi kwamba kila mtuhumiwa aachiwe. Wapo watu ambao, wakiachiwa, watavuka mpaka usiku huohuo, watawatisha mashahidi, au watarudi kwenye ghala lao. Hao sheria imewawekea kizuizi, na kizuizi hicho kitumike. Tunachopinga ni mazoea ya kumhesabu kila aliyekamatwa na dawa kuwa mmoja wa hao kabla hajaulizwa swali hata moja.

2. Sheria yetu inasema nini

Katiba ya Burundi ya 2018 inalinda uhuru wa mtu na inamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka hatia yake ithibitishwe kisheria. Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2013 na tena mwaka 2018, imejengwa juu ya msingi ambao kila mwanafunzi wa sheria anaujua: uhuru ndio kanuni, kizuizini ni jambo la pekee. Polisi wanaweza kumshikilia mtu kwa siku 7, na nyongeza ikitolewa, jumla isizidi siku 14. Baada ya hapo mwendesha mashtaka lazima aamue: ama ampeleke mbele ya hakimu, ama amwachie.

Mbele ya hakimu, katika kikao cha faragha, sheria inadai, miongoni mwa mengine, mambo mawili ya lazima. La kwanza, kuwepo dalili za kutosha za hatia. La pili, kizuizini kiwe ndiyo njia pekee ya kufikia lengo ambalo sheria yenyewe imelitaja: kuhifadhi ushahidi, kuzuia mashahidi wasishinikizwe, kulinda utulivu wa umma uliovurugwa na kosa hilo, kumlinda mtuhumiwa mwenyewe, kukomesha kosa au kuzuia lisirudiwe, au kuhakikisha kwamba mtuhumiwa atapatikana akihitajika. Amri ya kizuizini hudumu siku 30. Ikirefushwa, hurefushwa mwezi kwa mwezi, na kila mara kwa uamuzi wenye sababu.

Sheria pia imempa hakimu njia ya kati. Anaweza kumwachia mtuhumiwa kwa muda, kwa amana ya fedha au kwa masharti: asihame anapoishi bila ruhusa, asikanyage mahali fulani, aripoti kwa siku zilizopangwa. Majirani zetu wa Tanzania na Kenya huita utaratibu wa aina hii dhamana. Tofauti iliyopo ni ya mahali swali linapoanzia. Kwa majirani, mtuhumiwa huomba atolewe na mahakama hujibu. Kwetu, mwendesha mashtaka ndiye anayeomba mtu afungwe kabla ya hukumu, na ndiye mwenye mzigo wa kueleza kwa nini. Mtuhumiwa wa Gitega hana deni la kuthibitisha kwamba anastahili kuwa huru.

Ahadi hiyohiyo tumeitoa mbele ya dunia. Burundi imejiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa tangu 1990, na mkataba huo unasema isiwe kanuni ya jumla kwamba wanaosubiri kesi wawekwe kizuizini. Miongozo ya Luanda, iliyopitishwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2014, inarudia jambo hilo na kueleza namna ya kulitekeleza. Hata Mkataba wa Vienna wa 1988, uliotungwa mahsusi kupambana na biashara ya dawa za kulevya, na ambao Burundi ni mwanachama wake, unaziruhusu nchi kutumia matibabu na elimu badala ya adhabu katika makosa madogo. Anayedai kwamba mapambano dhidi ya dawa yanatulazimisha kumfungia kila mtuhumiwa, dai lake haliungwi mkono na mkataba huo.

3. Pengo kati ya sheria na mazoea

Basi tatizo liko wapi? Liko katika maneno mawili, dawa za kulevya, yanapofanywa kuwa jibu la maswali yote ambayo sheria imeyauliza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa baiskeli ya kubeba mizigo anakodiwa kupeleka gunia la mihogo mikavu mjini Muyinga. Katikati ya mihogo kuna kifurushi. Polisi wanakipata. Mwenye gunia hayupo, na kijana hamjui zaidi ya jina alilopewa. Katika dosiye, yaani jalada la kesi, kunaandikwa kwamba amekamatwa na dawa za kulevya. Dosiye haisemi kifurushi kilikuwa na uzito gani, nani alikipima, mbele ya nani, wala kama kuna aliyethibitisha kwamba kilichomo ni bangi. Taarifa ya mahojiano imeandikwa kwa Kifaransa, na kijana anayezungumza Kirundi na Kiswahili ameweka kidole gumba chini yake. Hana wakili. Siku ya kikao, mwendesha mashtaka anasema kosa ni zito. Hakimu anaandika kwamba kosa ni zito. Mwezi mmoja baadaye uamuzi unarefushwa kwa sentensi ileile.

Soma tena orodha ya sababu ambazo sheria imezitaja, uone ni ipi iliyojibiwa. Ushahidi ni kifurushi, nacho kiko mikononi mwa polisi. Kijana hawezi kukiharibu. Shahidi ni polisi aliyemkamata. Kijana hana uwezo wa kumtisha. Anwani yake inajulikana, kilima chao kinajulikana, mama yake na wadogo zake wapo hapohapo. Swali moja tu ndilo lenye uzito: je, atarudi siku ya kesi? Na hilo ndilo ambalo hakuna aliyeliuliza. Ukubwa wa adhabu inayoweza kutolewa ni kitu cha kupimwa, kwa kuwa mtu anayehofia kifungo kirefu anaweza kushawishika kutoroka. Lakini kupimwa maana yake ni kuwekwa kwenye mizani pamoja na mengine. Kikiwekwa peke yake, hakijapimwa.

Upande wa pili kuna mtu anayetumia dawa. Huyu mara nyingi ni mgonjwa kabla ya kuwa mhalifu. Akikamatwa na kete ya heroini na kutupwa kasho, yaani mahabusu ya polisi, huanza kutetemeka, kutapika na kuharisha kwa kukosa dawa, na watu waliomzunguka hawana mafunzo ya kumhudumia. Maneno anayoyasema katika hali hiyo yataingia kwenye dosiye kama kukiri kwake. Ndiyo maana tumesema tarehe 26 Juni ina kazi mbili.

4. Gharama ambayo nchi imeilipa

Alfajiri ya 7 Desemba 2021, moto uliwaka katika Gereza Kuu la Gitega. Makamu wa Rais Prosper Bazombanza alifika na kutangaza vifo vya watu 38, na wengine wengi walijeruhiwa. Gereza hilo lilijengwa kwa ajili ya watu 400. Mwishoni mwa Novemba, siku chache kabla ya moto, lilikuwa na watu 1,539. Mamlaka zilieleza kwamba chanzo ni hitilafu ya umeme. Hatuna haja ya kubishana juu ya waya. Tunasema hivi tu: mahali palipokusudiwa mtu mmoja wakikaa karibu wanne, hitilafu yoyote ina watu wengi wa kuua na milango michache ya kuwatoa. Miongoni mwa wanaokaa katika msongamano wa namna hiyo, nchini kote, wamo watu ambao hakuna mahakama iliyowahi kuwatia hatiani.

Serikali haikukaa kimya kuhusu msongamano. Mwezi Machi 2021 Rais Évariste Ndayishimiye aliwasamehe wafungwa zaidi ya 5,000. Novemba 2024 akatangaza hatua nyingine ya kuwatoa zaidi ya 5,000, wakati magereza yenye nafasi 4,000 na kidogo yalikuwa yanashikilia zaidi ya watu 13,000. Tunazipongeza hatua zote mbili. Lakini ziweke kando kwa kando, utazame kinachoonekana. Katika miaka isiyofika minne, nafasi zilizoachwa wazi kwa msamaha zilikuwa zimejaa tena. Msamaha unafungua mlango wa kutokea mara moja kwa miaka kadhaa; amri za kizuizini zinafungua mlango wa kuingilia kila siku ya kazi. Tena msamaha, kwa asili yake, unamhusu aliyekwisha kuhukumiwa. Anayesubiri hana hukumu ya kusamehewa. Dawa yake ni hakimu anayefuata sheria siku ya kwanza.

Kuna gharama isiyoingia kwenye hesabu za Wizara. Mfungwa wa Burundi hawezi kuishi vizuri kwa mgao wa maharage na unga wa muhogo pekee. Familia humletea chakula, sabuni na dawa. Baba akifungwa Muyinga, mke hufunga safari ya mara kwa mara, huuza mbuzi, halafu shamba. Mume akiachiwa baada ya mwaka kwa kukosekana ushahidi, shamba halirudi pamoja naye.

5. Tujifunze kwa waliotangulia

Wapo wanaosema kwamba njia ya kumaliza ubishi ni kuandika sheria inayofunga kabisa mlango wa dhamana kwa kesi za dawa. Tunawaomba waangalie nchi zilizojaribu.

India ilitunga sheria yake ya dawa za kulevya mwaka 1985, na mwaka 1989 ikakaza kifungu cha 37. Chini ya kifungu hicho, mahakama haimwachii mtuhumiwa mpaka mwendesha mashtaka apewe nafasi ya kupinga, na mahakama yenyewe iridhike kwamba kuna sababu za kuamini kuwa hana hatia na kwamba hatafanya kosa akiwa nje. Hebu tafakari mzigo huo. Hakimu anatakiwa aamini kwamba mtu hana hatia kabla hajasikiliza shahidi hata mmoja. Matokeo yake yalikuwa watu kukaa rumande miaka mingi. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya India ililazimika kuagiza kwamba waliokaa muda mrefu, kwa ujumla nusu ya adhabu, waachiwe kwa dhamana. Mwaka 2001 Bunge likalegeza: ukali wa kifungu cha 37 ukaelekezwa hasa kwenye kiasi cha kibiashara. Kwa bangi, kiasi kidogo kikawa chini ya kilo 1, na cha kibiashara zaidi ya kilo 20. Kwa heroini, gramu 5 na gramu 250. Hata hivyo, tarehe 28 Machi 2023 mahakama hiyohiyo, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji S. Ravindra Bhat, ilimwachia mtu aliyekamatwa akiwa kijana wa miaka 23 na kukaa ndani zaidi ya miaka 7 kesi ikiwa haijaisha. Mahakama ilieleza kwamba kifungu kile kikisomwa neno kwa neno, dhamana haitapatikana kamwe, na kizuizini kitakuwa adhabu.

Miaka karibu 40, basi, India imekuwa ikirekebisha jambo ambalo ingeweza kuliacha mikononi mwa hakimu tangu mwanzo. Jambo moja jema tunalichukua kwao: kutofautisha kiasi. Aliyekamatwa na gramu na aliyekamatwa na tani hawakufanya jambo moja.

Tanzania iko karibu zaidi, na wengi wetu tuna jamaa Ngara, Kigoma na Dar es Salaam. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaorodhesha makosa yasiyo na dhamana, na biashara ya dawa za kulevya imo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 nayo inazuia dhamana pale uzito wa dawa unapofikia kiwango kilichotajwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilibatilisha sehemu ya kifungu cha 148(5), ikisema kinakiuka Katiba. Mei 2020 Mahakama Kuu ilikwenda mbali zaidi na kukibatilisha kifungu chenyewe; Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo na kifungu kikabaki. Kila Mtanzania aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama anaijua sentensi inayofuata: upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa. Mlango wa dhamana ukishafungwa na sheria, anayepeleleza hana tena sababu ya kuharakisha.

Kenya ilichagua njia nyingine. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiwa kwa masharti ya kiasi, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Kosa laweza kuwa lolote. Sababu ndiyo inayotafutwa. Njia hii iko karibu zaidi na msingi wa sheria yetu.

6. Hoja dhidi yetu

Tunazijua hoja za upande wa pili, na baadhi yake ni nzito.

Ya kwanza ni kesi ya ndugu Akasha wa Mombasa, waliotuhumiwa kwa biashara ya dawa za kulevya. Walikamatwa Novemba 2014, wakapewa dhamana, na shauri la kuwapeleka Marekani likaburutwa mpaka Januari 2017. Baadaye walikiri makosa mjini New York, na waendesha mashtaka wa Marekani walieleza mahakamani jinsi hongo ilivyotumika Kenya kuchelewesha shauri hilo. Je, hiyo haionyeshi kwamba dhamana ni hatari? Inaonyesha kwamba fedha ni hatari. Hongo haizuiwi na kuta za gereza. Mwenye fedha huipitisha popote alipo. Wala kunyima dhamana kwa kila mtu hakumgusi tajiri peke yake. Kunajaza gereza wabeba mizigo, na tajiri anaendelea kununua njia yake. Tunachodai ni kwamba mwenye fedha na mtandao apimwe kwa fedha na mtandao wake, na hakimu akiona hatari, amweke ndani kwa sababu alizoziandika.

Ya pili ni mpaka. Kutoka Muyinga mtu anaweza kuwa Tanzania kabla ya saa sita mchana. Ni kweli. Lakini umbali wa mpaka ni sababu ya masharti magumu zaidi. Haugeuzi kila mkazi wa Muyinga kuwa mtoro mtarajiwa. Mkulima ambaye ana shamba, nyumba na watoto shuleni ana mengi ya kumrudisha. Kitambulisho chake kinaweza kushikiliwa na mahakama. Anaweza kukatazwa kufika Kobero. Anaweza kuripoti kila wiki. Wanaomjua, bashingantahe (wazee wapatanishi) wa kilima chake na viongozi wa dini yake, msikitini au kanisani, wanaweza kuitwa waeleze anaishi wapi na kama ni mtu wa kuaminika.

Ya tatu ni hasira ya wananchi. Jirani akimwona mtuhumiwa amerudi siku ya tatu, husema ametoa hongo. Hapa lawama inatuangukia pia sisi mawakili, maana hatujafanya kazi ya kutosha kueleza kwamba kuachiwa kwa muda si kufutiwa kesi. Uamuzi ukiwa na sababu zilizoandikwa na masharti yanayojulikana, uvumi hukosa pa kushika. Uamuzi usio na sababu ndio unaolisha uvumi, uwe wa kumfunga mtu au wa kumwachia.

7. Tunachodai

Kwa Polisi: dawa iliyokamatwa ipimwe uzito na kuandikwa mbele ya mtuhumiwa, sahihi au kidole gumba kiwekwe kwenye karatasi ya uzito, na nakala iingie kwenye dosiye. Mtuhumiwa aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, na taarifa ya mahojiano asomewe kwa lugha hiyo kabla hajaitia sahihi. Anayeonyesha dalili za kukosa dawa apelekwe kituo cha afya kabla ya kuhojiwa.

Kwa waendesha mashtaka: ombi la kizuizini litaje, kwa jina, ni hatari ipi kati ya zilizoorodheshwa na sheria, na ushahidi wake ni upi. Maneno "kosa ni zito" yasisimame peke yake. Dosiye isiyo na uthibitisho kwamba kilichokamatwa ni dawa isitumike kurefusha kizuizini mwezi baada ya mwezi. Mtu akiachiwa huru na mahakama, asibaki ndani kwa sababu tu rufaa inafikiriwa.

Kwa mahakimu: kila uamuzi wa kumweka mtu ndani, na kila wa kurefusha, uandike sababu zinazomhusu mtu huyo. Kuachiwa kwa masharti kufikiriwe katika kila kesi, hata kama hakukuombwa na mtuhumiwa asiye na wakili. Amana ya fedha ilingane na mapato ya mtu. Kiasi ambacho mkulima wa kahawa hawezi kukipata kwa miaka 5 ni kizuizini kwa jina jingine. Na mtuhumiwa akumbushwe haki yake ya kukata rufaa.

Kwa Wizara ya Sheria: utolewe waraka unaowaongoza mahakimu na waendesha mashtaka kutofautisha mtumiaji, mbebaji na mwenye biashara. Orodha ya wanaosubiri kesi katika magereza ya Gitega na Muyinga ipitiwe kila baada ya miezi mitatu, mbele ya mwendesha mashtaka, hakimu na mwakilishi wa mawakili, tukianza na waliokaa muda mrefu zaidi. Msaada wa kisheria uwafikie wasio na uwezo nje ya Bujumbura, na hasa Muyinga, ambayo tangu mgawanyo mpya wa mikoa imo katika mkoa wa Buhumuza. Mabadiliko ya mikoa yasipoteze dosiye ya mtu yeyote.

Kwa CNIDH: ziara zake magerezani na kwenye kasho za polisi ziangalie mahsusi watuhumiwa wa dawa za kulevya, tarehe zao za kukamatwa na sababu zilizoandikwa za kuwashikilia, na matokeo yatangazwe.

Kwa wabunge na maseneta: msikubali pendekezo lolote la kuondoa uwezo wa hakimu kumwachia mtuhumiwa kwa sababu ya jina la kosa. Mkigusa sheria za dawa, wekeni viwango vya kiasi vilivyo wazi, na mfungue njia ya matibabu kwa mtumiaji.

8. Wajibu wetu

Tunaodai lazima tutoe pia. Wanachama wetu mawakili watakuwepo, bila malipo, kwenye vikao vya kwanza vya kizuizini vya watuhumiwa wasio na uwezo, Gitega na Muyinga, kwa zamu itakayopelekwa kwa mahakimu. Wasaidizi wetu wa sheria watawatembelea jamaa za mtuhumiwa na kuleta mahakamani uthibitisho wa anwani, kazi na familia yake, ili hakimu asikose la kupima. Aliyeachiwa kupitia juhudi zetu tutamkumbusha tarehe zake, na akitoroka, hatutamficha wala kumtetea kwa kutoroka kwake.

Tutaomba pia kukutana na waendesha mashtaka na mahakimu wa miji yote miwili, ili madai yaliyo hapa yajadiliwe dosiye kwa dosiye. Tuko tayari kusahihishwa pale ambapo dosiye itatuonyesha tofauti. Tusichokuwa tayari kukikubali ni jibu lisilo na dosiye.

Limetolewa na uongozi wa chama, kwa niaba ya wanachama wa Gitega na Muyinga.